Saruji na Ukili

Wazee wa pwani yetu walikuwa na jina lao la saruji. Waliiita udongo ulaya. Jina hilo lilisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba kitu hiki ni udongo, nao udongo walikuwa wakiujua tangu utoto wao, na kwamba udongo huu umetoka mbali, umekuja kwa meli. Lakini neno saruji lenyewe, tulitumialo leo dukani na kiwanjani, lina asili ya Kiajemi. Kwa Waajemi lilikuwa jina la mchanganyiko wa chokaa, udongo na majivu, ambao walijengea mabirika ya maji karne nyingi kabla ya viwanda vya Ulaya kuwapo. Basi kitu kimoja kina majina mawili. Moja latuambia ni cha wageni. La pili latukumbusha kwamba watu wa Bahari ya Hindi walikijua kifani chake tangu kale. Nimeona vema nianze na majina haya, kwa sababu swali ninalotaka kulizungumza na walimu na wanafunzi limo ndani yake: je, nyumba ya saruji yaweza kuwa nyumba yetu?

Siulizi habari ya hati wala ya kiwanja. Nauliza kama nyumba hiyo yaweza kutujua tulivyo: jinsi tunavyokaa na jirani, tunavyompokea mgeni, tunavyolala wakati wa kaskazi, na kazi za mikono ambazo mama zetu na baba zetu walitufundisha. Wako wasemao haiwezekani, kwamba ajengaye kwa saruji amekwisha kuuaga utamaduni wake. Wako pia wasemao swali lenyewe halina maana, maana nyumba ni kujikinga na mvua basi. Mimi sikubaliani na hawa wala wale, nami nitaeleza sababu zangu.

Kwanza tuitazame historia. Katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ziko kuba na matao ambayo mafundi wa zama zile waliyajenga kwa vipande vya matumbawe vilivyoshindiliwa pamoja na chokaa juu ya kiunzi, hata vikakauka vikawa kitu kimoja, kisha kiunzi kikaondolewa. Fundi wa leo akiambiwa habari hiyo atasema, "Hilo ni zege." Naam, ni zege, isipokuwa halina nondo wala saruji ya kiwandani. Lakini Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji ule, na akaandika kwamba nyumba zake zilikuwa za miti. Maana yake ni kwamba jiwe na mti viliishi pamoja katika mji mmoja, wala hapana aliyeona kwamba kimoja ni ustaarabu na cha pili ni ushenzi.

Hata katika nyumba ya mawe, mti ulikuwa ndio mtawala. Dari za nyumba za Lamu, Unguja, Pangani na Bagamoyo zilichukuliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti imara haipatikani ndefu sana, upana wa chumba aghalabu haukuzidi mita 3. Hivyo umbo la chumba cha Mswahili, chembamba na kirefu, lilikatwa na mti uliomea katika matope ya pwani. Kuta zilikuwa nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Zililizuia joto la mchana lisiingie upesi. Nje palikuwa na baraza, mahali pa mazungumzo na pa mgeni asiyestahili bado kuingia ndani. Ndani zaidi, katika nyumba za Lamu, palikuwa na zidaka zilizochongwa katika lipu ya chokaa, kuwekewa vyombo vya thamani. Kila kitu kilikuwa na kazi yake, na uzuri ulifuata kazi.

Nyumba ya udongo nayo ilikuwa na elimu yake. Nilizaliwa katika nyumba kama hiyo, upande wa Pangani. Ilikuwa ya miti na fito zilizofungwa kwa kamba, ikakandikwa udongo, ikaezekwa makuti. Paa lilishuka chini hata mtu mzima akainama kupita, na chini yake kilikuwapo kivuli kilichozunguka kuta zote. Pale juu, baina ya ukuta na paa, uliachwa uwazi. Joto lilipanda likatokea pale, na moshi wa jikoni ulipita katika makuti ukawafukuza wadudu. Hapana aliyeandika mambo haya katika kitabu, lakini kila fundi aliyajua.

Hata hivyo, yafaa tuseme kweli yote. Nyumba ile ilikuwa na taabu zake, na taabu hizo ziliwaangukia zaidi wanawake. Kila baada ya masika mama yangu na wenzake walichota maji, wakakanyaga udongo, wakakandika upya mahali palipobomoka. Sakafu ilificha papasi. Mchwa walikula nguzo kutoka chini, na makuti yalihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Aisifuye nyumba ya udongo hali hajapata kuikandika, namwomba aishike karai kwanza. Kwa sababu hiyo siwalaumu wazazi wetu waliofurahi kiwanda cha saruji cha Wazo kilipoanza kazi mwaka 1966. Waliona wamepata ukuta ambao hautawadai kazi kila mwaka.

Lakini furaha ile ilizaa kitu kingine. Watu walianza kuamini kwamba kisicho saruji na mabati si nyumba. Mwaka 1977, alipokuwa akiipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwakemea waliokataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, vitu vilivyokuwa katika uwezo wao, wakakaa katika vibanda wakiingojea saruji. Aliona kwamba huo ni ulemavu wa fikira. Miaka mingi imepita tangu hapo, na saruji sasa yapatikana hata katika duka la kijijini. Lakini fikira ile bado haijatutoka. Imegeuka tu. Zamani mtu aliona haya kwa kukosa saruji. Leo aona haya kwa kuacha kitu kingine chochote kionekane kando yake.

Mwaka 1998 nilihamishwa kikazi, nikapewa nyumba ya kukaa. Ilikuwa ya saruji tupu, kuta za tofali moja, madirisha madogo, mabati karibu na kichwa, haina baraza. Aliyeichora, sijui ni nani, bila shaka alitaka kubana gharama. Nikamleta mama yangu, ambaye alikuwa peke yake baada ya baba kufariki. Alikaa wiki moja bila kusema neno. Tangu asubuhi hata magharibi alikuwa chini ya mwembe wa jirani, na usiku niliisikia kandambili yake ikienda na kurudi. Nilipomwuliza kama anaumwa alinijibu, "Siumwi, mwanangu. Nyumba yenu haipumui." Halafu akaongeza neno lililonichoma zaidi: "Na mtu akija kunijulia hali nimkalishe wapi? Ama aingie mpaka chumbani mwangu, ama asimame juani."

Mama hakupata kusoma shule, lakini maneno yale mawili yalikuwa somo kamili la ujenzi. La kwanza lahusu hewa, la pili lahusu utu. Nyumba ile ilikuwa imara; mvua haikuingia, mwizi hakuingia. Ila haikuwa imemwuliza mtu yeyote jinsi anavyoishi.

Nilipopata kiwanja changu, na kuanza kujenga mwaka 2006, nilikuwa na maneno hayo masikioni. Mjenzi alikuwa mpwa wangu, kijana aliyesomea uashi katika chuo cha ufundi, hodari wa timazi na pima maji. Tulikubaliana upesi juu ya msingi, nguzo na mkanda wa zege. Katika mambo hayo saruji haina mshindani: hushika ardhi, huvumilia masika, mchwa hawaitoboi. Nilimsihi jambo moja tu, asichote mchanga wa ufukweni hata ukiwa karibu, maana chumvi huozesha nondo ndani ya zege, nalo zege hupasuka kutoka tumboni. Akacheka, akasema hayo alifundishwa mwaka wa kwanza.

Mabishano yalianza tulipofika juu. Nilitaka paa linyoshwe mbele lifunike baraza ndefu yenye kiti cha kujengea. Nilitaka juu ya kuta, chini ya mabati, pawekwe matofali ya matundu kuzunguka nyumba nzima, kama ule uwazi wa nyumba ya udongo. Na nilitaka dari isiwe ya mbao wala ya plasta, bali ya majamvi.

"Mjomba," alisema mpwa wangu kwa adabu lakini kwa uchungu, "wenzetu wanamaliza kwa vigae, sisi tumalize kwa majamvi? Watu watasema umeishiwa. Nami watasema sijui kazi."

Sikumdharau. Kijana alikuwa akitetea jina lake katika mji ambao angetafuta kazi nyingine kesho. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba vita vya utamaduni havipiganwi katika hotuba. Hupiganwa katika haya ya fundi mmoja aliye juu ya ngazi. Nikamwomba tufanye chumba kimoja tu, cha mama, kwa majamvi. Vingine aamue mwenyewe. Tukalitazame jua la Januari litasema nini.

Jambo jepesi kulisema likawa gumu kulitenda, kwa kuwa majamvi hayakupatikana. Sokoni palijaa mikeka ya plastiki. Nikaelekezwa kwa bibi mmoja aliyekuwa amesifika kwa kusuka. Nilimkuta akiuza maandazi. Aliniambia kwamba miaka sita hakugusa miyaa, kwa kuwa kazi ya siku nyingi ilikuwa ikinunuliwa kwa bei ya siku moja. Nilipomweleza haja yangu alinitazama kwa muda, akauliza, "Juu? Si chini?" Nikasema, "Juu, bibi." Akasema, "Basi nisuke vizuri, maana atakayelala ataitazama kazi yangu usiku kucha." Alisuka majamvi manne ya chumba kile, kili pana zilizoshonwa kwa mstari usiopinda, na ukingoni akatia ukindu wa rangi nyekundu na nyeusi. Bei aliyotaja niliilipa bila kuipunguza. Ufundi hauwezi kuishi kwa sifa. Huishi kwa malipo.

Januari ilipofika, mpwa wangu aliingia chumba cha mama saa nane mchana, akatoka, akaingia chumba cha pili kilichokuwa na mabati matupu, akatoka tena. Hakusema kitu kwangu. Jioni nilimsikia akimwuliza bibi yake ni wapi anakaa yule msukaji. Vyumba vingine vitatu vikaezekwa dari ya majamvi, naye kijana alitafuta mwenyewe njia ya kuyabana kwa mbao nyembamba, yasilegee na yaweze kufunguliwa moja moja yakichakaa. Huo ulikuwa uvumbuzi wake, wala si wa mababu.

Mlango ulinishinda. Mlango wa nakshi wa mti wa mvule au msaji, wenye mfaa, miimo na kizingiti vilivyochongwa, ulizidi mshahara wangu kwa mbali. Basi nilimwendea mchongaji nikamwomba kizingiti cha juu tu, akachora maua na mnyororo katika kipande cha mfenesi, na mlango wenyewe ukawa wa mbao za kawaida. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nikajifariji kwa methali hiyo. Mama aliishi katika nyumba ile miaka tisa, na baraza yake haikukosa mtu.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu yanaonyesha kanuni ambazo naziona ni za kweli hata nje ya kiwanja changu.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kila kitu kipewe kazi kiiwezayo. Zege libebe, chokaa na udongo vifunike, ukili na mti viguse mwili na jicho. Ukichanganya bila elimu, vitu hupigana. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ziko kuta za matumbawe zilizoharibika kwa sababu zilipigwa lipu ya saruji. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukivikwa saruji hufungiwa unyevu ndani, na jiwe huanza kuliwa polepole. Waliofanya hivyo walitaka kuuimarisha.

Kanuni ya pili ni matunzo. Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa wakati wa Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa mchanganyiko wa ajabu wa mawe ya matumbawe, nguzo na mihimili ya chuma kutoka ng'ambo, na milango mikubwa ya nakshi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, watu wawili wakafa. Sitajifanya mhandisi nikataja sababu. Nasema tu kwamba jengo lililounganisha vitu vingi ladai macho mengi. Majamvi yangu nayo yamebadilishwa katika chumba kimoja pale mabati yalipovuja, na kila mwaka hukung'utwa vumbi. Asiyetaka kazi hiyo asiyatundike.

Kanuni ya tatu yahusu asili. Vitu vya asili havina asili isiyokwisha. Mikoko ya delta ya Rufiji na ya mahali pengine hulinda pwani na ni malezi ya samaki na kamba. Tukiikata sote kwa ajili ya dari tutakuwa na nyumba nzuri katika nchi iliyoliwa na bahari. Matumbawe hai ndiyo nyumba ya samaki, hayafai kung'olewa. Chokaa yenyewe yahitaji kuni nyingi tanurini. Kwa hiyo boriti ninunue kwa kibali na kwa uchache, mahali zionekanapo. Penginepo uko mnazi mzee uliokwisha kuzaa, ambao sehemu yake ya nje ni ngumu na hutoa mbao nzuri. Yako matofali ya udongo yaliyotiwa saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa moto. Hayo nayo ni ndoa ya udongo wetu na udongo ulaya.

Kanuni ya nne ndiyo ngumu kuliko zote: tuchukue fikira, si pambo tu. Twaona siku hizi hoteli na mabaa yaliyotundikwa makuti juu ya zege ili mgeni apige picha. Silaumu mtu kutafuta riziki, lakini makuti yale hayana kazi zaidi ya kuonekana, na yakishika moto ni hatari. Tazama kinyume chake Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Hakutumia boriti wala ukili. Alitumia zege, lakini akalifanya paa lake kama miti mikubwa iliyotandaza matawi, kwa kuwa soko la Mwafrika lilikuwa chini ya mti. Moto uliliunguza soko hilo mwaka 2021, lakini fundisho lake halikuungua: saruji nayo yaweza kusema Kiswahili, ikipata mfundishaji.

Mimi ni mtunzi wa mashairi, na mjadala huu wanikumbusha ule wa miaka ya 1970, wa wenye kushika vina na mizani na wenye kutaka ushairi huru. Wakati wa mabishano yale nilikuwa mtoto. Niliyasoma baadaye, nikaona kwamba kila upande ulijua jambo ambalo wa pili alilisahau. Umbo la kale si jela, na umbo jipya si uhuru kwa kuwa ni jipya tu. Siku tulipoweka dari ya mwisho niliandika ubeti huu, mpwa wangu akauchora kwa msumari katika lipu mbichi ya baraza:

Saruji yashika nyumba, isianguke tufani,
Na jamvi lapamba chumba, joto libaki paani,
Mlango fundi kaumba, maua ya kizamani,
Tusiwe humu wageni, nyumbani mwetu wenyewe.

Lugha yenyewe imekwisha kututangulia katika njia hii. Sikilizeni mafundi wa leo wanapozungumza: wakitaka kutandaza zege la sakafu husema wanamwaga jamvi. Neno la msukaji limehamia katika kazi ya mwashi, wala hapana aliyekaa katika kamati kuliamua. Fundi aliona kitu kipana kilichotandazwa chini, akakumbuka alichokikalia utotoni. Ikiwa neno limepata nafasi ndani ya zege, mbona kazi ya mikono isipate?

Basi nawaomba walimu jambo moja. Somo la utamaduni lisiishie katika ngoma na mavazi ya sherehe. Wapelekeni wanafunzi katika nyumba kongwe ya jirani, wachukue kamba wapime upana wa chumba, unene wa ukuta, urefu wa kivuli saa sita mchana. Kisha wapime darasa lao wenyewe, walinganishe. Wamtafute msukaji na mchongaji, wamwulize jina la kila chombo na kila hatua ya kazi, wayaandike majina hayo daftarini. Na ninyi wanafunzi, wengi wenu mtajenga, na mtajenga kwa saruji. Siku hiyo, kabla hamjamwambia fundi idadi ya mifuko, mwulizeni atakayelala humo jinsi apendavyo kukaa, na mgeni wake atakalishwa wapi.